Mitandao imenipa kazi, ila sio kwa kutazama video

Watu wakisikia hii kazi ya kuchambua data niliipatia mtandaoni, wanajua moja kwa moja kwamba niliona tangazo, nikatuma CV, nikaitwa. Hapana bwana. Wengine wanadhani nilikaa chini nikamaliza kozi zote za YouTube, hiyo nayo hapana, kozi nyingi nimeziacha njiani kama wewe tu. Kilichonifikisha hapa ni kitu ambacho ukikitaja mbele za watu wanacheka, kujibu maswali ya Excel kwenye grupu la Telegram. Ngoja nieleze taratibu maana kuna mambo kibao hapo katikati.

Kwanza tukubaliane, pa kujifunzia papo. MIT, kile chuo cha teknolojia cha Marekani, walitangaza mwaka 2001 kwamba masomo yao watayaweka wazi mtandaoni mtu yeyote ayasome, na wakafanya kweli. Harvard wana CS50, ile kozi ya kompyuta anayofundisha David Malan, mihadhara ipo YouTube bure kabisa. freeCodeCamp, ile ya kufundisha watu programu bure, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014 ina kozi nzima nzima kwenye chaneli yake, video moja inaweza kwenda masaa manne, nyingine inapita hata kumi. Kwa hiyo mtu akiniambia amekosa pa kujifunzia na simu anayo na bando analo, namsikiliza tu kwa heshima. Shida ya sasa ni vitu kuwa vingi mpaka mtu anashinda kukusanya, amesevu video za kuangalia baadaye na hiyo baadaye haijawahi kufika.

Mimi kipindi hicho nilikuwa naingiza data. Unapewa makaratasi, unapiga kwenye kompyuta, kesho tena hivyohivyo. Nilitaka nihame kutoka kwenye kuipiga data niende kwenye kuisoma, yani mtu akiuliza "mwezi huu tumefanyaje" mimi ndo niwe na jibu. Jioni nikawa naangalia video za Excel, baadaye SQL, ile lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhi za data, na hapo ndo nikaona ule mtego ambao naamini umewanasa wengi. Mwalimu mzuri wa YouTube anaongea vizuri, anabofya, kila kitu kinakubali, wewe unatikisa kichwa unasema aah mbona rahisi. Unafunga video unafungua faili tupu, kimya. Hujui hata uanzie seli gani.

Hili jambo watu wameshalipima. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio mwaka 2006, wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma, sehemu moja wakarudia kusoma mara ya pili, sehemu nyingine badala ya kurudia wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye kurudia kusoma kulikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Ilipopita wiki mambo yakageuka, kwa kujipima walikumbuka asilimia 56, kwa kurudia kusoma 42. Sasa fikiria wewe unayeangalia video moja mara tatu ili "iingie". Kinachoingia ni ule mzoeo tu, unaifahamu sauti ya mwalimu.

Basi nikabadilisha. Naangalia kipande kifupi, nasimamisha, nafunga kabisa hiyo dirisha, afu nafanya kile kitu kwenye faili tofauti na la mwalimu. Hilo la faili tofauti ndo penyewe, maana la mwalimu limeshasafishwa, tarehe zimekaa sawa, majina hayana makosa, ukitumia hilo unajidanganya. Nikikwama sirudi mwanzo wa video, nafungua ile nakala ya maneno ambayo video nyingi za YouTube zinayo chini kwenye maelezo, natafuta neno ninalolitaka naruka moja kwa moja mpaka hapo. Wengi hawajui hata kama hicho kitu kipo. Video ya saa nzima inageuka kuwa kitu unachoweza kukipekua.

Kuhusu kupoteza muda sina mahubiri. Ule mtindo wa kuskrol bila kufika mwisho una mtu wake, Aza Raskin, aliyeutengeneza mwaka 2006 na baadaye mwenyewe akasema hadharani anajutia, kwa hiyo sio kwamba wewe ni dhaifu sana, kitu kimetengenezwa usiache. Mimi nilichofanya ni kutenganisha akaunti. Moja ya mpira na vichekesho, nyingine ya kazi tu, na kwenye hiyo ya kazi sibofyi kitu chochote cha utani hata kiwe kizuri vipi, kikitokea nakiwekea ile alama ya kutovutiwa nacho. Baada ya muda ile akaunti inakuwa imekujua, ukifungua unakutana na watu wanabishana kuhusu namna ya kuunganisha majedwali. Kwa YouTube kuna njia kali zaidi, ukifuta na kuzima historia ya kutazama, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu, hakuna mapendekezo, inabidi utafute unachokitaka mwenyewe. Waliuweka hivyo mwaka 2023. Kuna rafiki yangu kaifanya akasema amepona, mimi nimeshindwa, nyumba ikiwa kimya sana naogopa.

Haya, sasa maswali.

Kwenye lile grupu la Telegram kuna watu maelfu, na ukikaa ukasoma tu unagundua maswali yapo ya aina mbili. Kuna lile la "Excel yangu inasumbua msaada jamani", hilo linapata emoji ya pole na mtu mmoja anayeuliza "inasumbuaje", afu mwenye swali anapotea mpaka kesho. Na kuna la mtu anayesema ana jedwali gani, ametaka nini, ameandika fomula gani, imemletea nini, na ameshajaribu nini. La pili linajibiwa ndani ya dakika chache, tena na watu ambao huwa hawaongei kabisa. Nikaanza kuyaiga maswali ya aina hiyo, na nikaona kitu cha ajabu, kwamba mara nyingi nikiwa katikati ya kuliandika swali vizuri jibu linakuja lenyewe, nafuta, siposti. Kuandika swali vizuri ni nusu ya kazi, na hiyo nusu unafanya mwenyewe.

Ila kilichonibadilishia mambo ni swali la mtu mwingine. Kuna jamaa aliposti kwamba VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali lingine, inamletea #N/A, yani haijakipata, wakati jina analiona kwa macho yake lipo kwenye majedwali yote mawili, na TRIM, ile ya kufuta nafasi za ziada, ameshatumia, akaweka na skrinshoti. Watu kama kawaida wakamjibu tumia TRIM. Wengine wakamwambia hamia XLOOKUP, ndugu mpya wa VLOOKUP, sijui kama walisoma. Mimi sikuwa najua jibu, lakini nilikuwa nimechoka na makaratasi siku hiyo, nikamwomba anitumie seli mbili tatu tu za hilo jedwali. Nikaweka LEN, ile ya kuhesabu herufi, kwenye jina lenye herufi tano, ikaniambia sita. Aha. Kwa hiyo kuna kitu hapo mwishoni hakionekani, na TRIM imekipita. Nikauliza hiyo herufi ya mwisho ni nini kwa =CODE(RIGHT(A2,1)), ikarudisha 160, maana kila herufi kwenye kompyuta ina namba yake. Nafasi ya kawaida ni 32. Hii 160 ni nafasi nyingine, ile inayotumika sana kwenye kurasa za wavuti ili maneno mawili yasitengane, kwa jicho ni nafasi tu ila TRIM haiitambui kwa sababu yenyewe inafuta 32 peke yake. Nikamuuliza haya majina ulinakili kutoka wapi, akasema kwenye ukurasa wa wavuti. Tukaibadilisha kwanza hiyo 160 iwe nafasi ya kawaida kwa kuandika =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")) na VLOOKUP ikakubali yote.

Naweza kusema nilijifunza zaidi kwenye lile swali moja kuliko kwenye kozi nzima. Sababu ni kwamba hakuna mwalimu anayekuwekea uchafu kama huo kwenye faili la mazoezi, na hakuna anayeweza kukupa ile hamu ya kujua kwa nini kitu kinachoonekana sawa hakiko sawa. Toka hapo nikawa nachagua swali moja la mtu kwa jioni, sio rahisi sana, la kunisumbua kidogo, naling'ang'ania. Nikipata nalijibu, nisipopata nasubiri mwenye kujua ajibu halafu nakuja kuangalia nilikuwa nimekwama wapi. Ni shule ya bure ambayo mtihani wake unatoka kwa watu wenye shida za kweli.

Afu jibu likishatoka nalihamishia kwenye LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, maneno machache na picha mbili, kabla na baada. Bila "nimefurahi kutangaza", bila mambo ya kuamka saa kumi alfajiri. Unajua zile posti za LinkedIn za mtu kumpa kazi mwombaji aliyechelewa kwa sababu alisimama kumsaidia mbwa, mimi nikiziona naruka, sijui nani anazisoma ila zina laiki kuliko zangu zote kwa pamoja. Sawa tu. Posti yangu ya ile nafasi isiyoonekana ilipata laiki chache sana siku ile na nilikuwa nimeshaisahau, lakini ikawa kila baada ya muda mtu anaikomenti anashukuru, maana shida yenyewe haiishi, kila siku kuna mtu ananakili jedwali kutoka kwenye ukurasa wa wavuti.

Hapa kuna kanuni ya Jakob Nielsen, yule mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliiandika mwaka 2006, kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 ya watu wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na ile 1 ndo inafanya karibu kila kitu. Ni makadirio, usiyachukue kama mizani ya dhahabu, lakini ukikaa kwenye grupu lolote unaona ndo hivyo. Maana yake ni nini kwako, maana yake ukijibu vizuri mara chache tu kwa wiki jina lako linaanza kujulikana kwa watu ambao hujawahi kuwaona wakiandika hata neno. Hao 90 wapo, wanasoma, na kati yao wamo wenye ofisi.

Mmoja wao ndo aliyenifuata inboksi. Hakuwa rafiki yangu, hatukuwahi kuongea, kwenye grupu sikumbuki kama aliwahi kuposti chochote. Aliandika kwa kifupi kwamba wana orodha ya wateja iliyojazwa na watu tofauti kwa miaka, majina yamejirudia kwa tahajia tofauti, na aliona nilivyolishughulikia lile la 160, je naweza kuwasafishia. Ilikuwa kazi ya muda. Nikaifanya, afu nikawaandikia karatasi moja ya kueleza nimebadilisha nini na kwa nini, ili mtu mwingine akija aelewe. Nadhani ile karatasi ndo iliwafanya waniite tena kuliko usafi wenyewe. Kwenye intavyu ya kazi ya kudumu hawakuniuliza vyeti kwa muda mrefu, walinipa faili chafu nikashea skrini, wakaniambia fanya huku unaongea. Kwa mtu ambaye amekuwa akieleza watu kwa maandishi kila jioni hiyo ilikuwa raha tupu.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba hili la kupata kazi kwa mtu usiyemjua vizuri lina jina lake kabisa. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kuhusu nguvu ya uhusiano dhaifu, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu kwamba huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Wengi, asilimia 55.6, walisema mara mojamoja, na 27.8 walisema kwa nadra. Ukifikiria inaeleweka, rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, nafasi ikitokea mnaisikia pamoja. Mtu wa mbali ndo ana habari za huko mbali. Mwaka 2022 kwenye jarida la Science wakachapisha utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, wakaona Granovetter hakukosea ila kuna kiraka cha kuongeza, wanaosaidia zaidi ni wale wa katikati, mnaojuana kidogo, na sio yule mgeni kabisa ambaye hamna hata mtu mmoja mnayemjua wote. Hiyo inaniambia kwamba kutuma maombi ya urafiki kwa watu mia tano usiowajua ni kujaza namba tu. Jamaa aliyekuona ukijibu kitu kwenye grupu mara tatu ana thamani kuliko hao wote.

Kwa hiyo mimi kwenye LinkedIn natumia nguvu nyingi kwenye komenti kuliko kwenye posti. Mtu wa fani yangu akiposti kitu, kama nina la kuongeza naongeza, kwa mfano yeye kaonesha njia moja mimi naonesha pale itakapovunjika. Kama sina nanyamaza, sio lazima kuandika "umenena vyema kaka". Na kile kistari kilicho chini ya jina, kina nafasi ya herufi 220, wengi wanaacha cheo tu kilichojijaza chenyewe. Mimi niliandika ninachofanya kwa maneno ambayo mwenye shida angeyatafuta, kwamba nasafisha orodha za wateja na kutengeneza ripoti kwa Excel na SQL. Mtu anayetafuta msaada haandiki "mpenda mabadiliko mwenye shauku", anaandika jina la kinachomsumbua.

Ukishaanza kuonekana na matapeli nao wanakuona, hilo nalo ulijue. Kuna wale wa kazi ya kulaiki video au kutathmini bidhaa, wanakuja WhatsApp au Telegram na picha ya mdada mzuri na jina la kampuni kubwa, wanakulipa kidogo kweli siku ya kwanza ili uamini, afu wanakwambia ili ufungue "kazi za daraja la juu" weka kwanza hela yako. Ukishaweka hutoi tena. Na wapo wa kistaarabu zaidi, wanakupa barua ya ajira kabla hata hawajakuuliza unajua nini, halafu kuna ada ya mafunzo au ya kuandaa mkataba. Mimi mtu akitaka nitoe hela ili nipate kazi mazungumzo yameisha hapohapo, sihitaji kuchunguza zaidi. Yule wa kweli aliyenifuata inboksi swali lake lililofuata lilikuwa la kitaalamu, alitaka kujua kama ninaweza kutofautisha watu wawili wenye jina moja, na hakugusia pesa mpaka tulipokuwa tumeelewana kazi ni nini.

Vyeti vya mtandaoni watu wananiuliza sana. Ninavyo viwili vitatu, vimekaa kwenye profaili, hakuna aliyewahi kuviulizia. Sisemi havina kazi, kuna ofisi zinachuja CV kwa hivyo, ila ukiniambia nichague kati ya cheti kingine na posti kumi za matatizo niliyotatua naenda na posti.

Kitu ambacho ningependa niambiwe mapema na hakuna anayekiongelea ni data ya kazini. Ukishazoea kuposti unachojifunza kuna siku utakutana na tatizo tamu ofisini, lile la kukufanya ukae mpaka usiku, na mkono utawasha uliweke mtandaoni hivyohivyo na skrinshoti. Usiweke. Hata ukificha majina, namba za simu au viwango vya mauzo vinaweza kumtambulisha mtu, na bosi akiona hatajali kwamba ulikuwa unafundisha. Kuna watu naona wanaposti mpaka jina la faili juu kabisa ya dirisha, lina jina la kampuni na mwezi, wao wamekazana kufuta majina ya wateja. Mimi natengeneza faili la kubuni lenye tatizo lilelile, RANDBETWEEN inakupa mistari elfu moja ya namba kabla hujavuta pumzi, majina unayabuni machache unayarudia, afu ule uchafu wenyewe unaupachika kwa mkono. Ukimaliza nakili zile namba uzibandike kama thamani, la sivyo kila ukigusa seli zinabadilika zote, na picha ya kabla na baada hazitafanana kabisa, watu watajaa kwenye komenti wanakuuliza jumla imepungua wapi.